Mikono Mitupu Hadi Jiwe la Mbega

Kilichomchosha Dorkas si mlima. Mlima ameuzoea tangu yu mgongoni kwa mama yake. Kilichomchosha ni swali moja dogo, ambalo watu wa kitongoji chao hulitoa kwa upole na tabasamu, kama vile hawana neno: "Unapandisha juu?"

Ukisikia hivyo, ujue umekwisha. Ukijibu ndiyo, utakabidhiwa fuko la maharage. Ukijibu hapana na huku miguu inaelekea juu, wewe ni mwongo, tena mwongo anayekwenda kanisani. Ukinyamaza, una kiburi, na habari za kiburi chako zitafika nyumbani kabla yako. Hakuna jibu la kukuokoa. Dorkas alilitafuta wiki tano nzima na hakulipata.

Huyu Dorkas ni mjane wa Loth, na wengi humwita Mama Anderson kwa jina la mwanawe anayefanya kazi Arusha. Ana miaka sitini na mmoja. Anakaa huko milimani juu ya Same, mahali ambapo gari linakomea kanisani, na kutoka hapo kila kitu hupanda kwa kichwa cha mwanamke. Nasema mwanamke kwa makusudi. Tangawizi imeshuka kwa kichwa cha Dorkas miaka arobaini. Mbolea imepanda kwa kichwa hichohicho. Mabati ya wifi yake yalipanda mawili mawili, na upepo wa Agosti ukitaka kumrusha bondeni pamoja nayo. Wanaume walikuwa mbele wakisafisha njia, maana kusafisha njia ndiyo kazi ngumu, ati.

Mwezi wa Novemba alishuka Same kumwona daktari, kwa sababu magoti yalikuwa yakilia asubuhi kabla ya jogoo. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama picha, akashusha pumzi, akamwambia magoti yamesagika.

"Mizigo basi, mama," alisema. "Kutembea ni dawa, tembea kila unapoweza. Lakini mzigo kichwani, basi kabisa."

"Na mlima je? Nitaweza kupanda mpaka lini?"

"Mwaka huu utapanda. Mwaka ujao siwezi kukuahidi."

Dorkas alirudi na maneno hayo mawili kifuani, mwaka huu na mwaka ujao. Hakuwa anawaza mashamba. Alikuwa anawaza Jiwe la Mbega.

Jiwe lenyewe liko juu kabisa, msitu unapofunguka kwenye ukingo. Loth alikuwa mpasuaji mbao zamani hizo, kabla msitu haujafungwa, na kila mchana alikwenda kula makande yake juu ya jiwe hilo. Jioni akirudi alimsimulia mkewe. Upande huu, alisema, unaiona mbuga ya Mkomazi mpaka macho yanachoka. Upande wa pili kuna reli, barabara kuu, mistari ya mkonge, na asubuhi ikiwa safi unauona Kilimanjaro wote na theluji yake. "Nitakupeleka, Dorkas," alikuwa akisema. "Na siku hiyo hutabeba hata kijiko." Alisema hivyo kila Krismasi, na kila Krismasi kulikuwa na mgeni, au mtoto mgonjwa, au mbuzi anayezaa. Miaka sita iliyopita Loth alifariki, akaondoka na ahadi yake.

Na Dorkas, aliyezaliwa chini ya jiwe hilo, alikuwa hajawahi kulifikia. Utashangaa, lakini ndivyo ilivyo. Kuni zinaishia chini yake. Mashamba yanaishia chini yake. Nani apande mahali ambapo hakuna cha kushusha? Basi akajiwekea nia: kabla masika hayajageuza njia kuwa utelezi, atafika Jiwe la Mbega kwa miguu yake, bila mzigo. Akishafika, hata magoti yakigoma, potelea mbali. Ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye magoti kama yake. Niambie wewe, je, huyu mama alitaka makubwa?

Shamba la mbali la tangawizi alimwachia shemeji yake, naye akabaki na bustani ya nyuma ya jiko. Ni kipande kidogo ambacho mbuzi angekimaliza kwa asubuhi moja. Humo alipanda mnavu, figiri, nyanya chungu na mchaichai, na ukingoni, mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka vitunguu, alipanda maua. Kuna yale ya buluu yenye vichwa vikubwa yaliyoletwa na watu wa misheni, na mawaridi mekundu, na mengine aliyoyatoa kando ya njia asiyoyajua majina. Asubuhi alikuwa akiinama hapo na kikombe cha chai ardhini, aking'oa gugu moja, akinywa funda moja, na hakuna aliyekuwa akimsubiri. Katika maisha yake yote hakuwahi kupata raha ya namna hiyo, na alijua ni raha, ndiyo maana ilipoingiliwa na watu alikasirika sana.

Wa kwanza alikuwa Lukia, jirani yake, bibi wa miaka sabini na miwili, mkavu, mwepesi, ambaye bado anabeba mkungu wa ndizi kama mtu aliyebeba kitambaa. Alisimama katikati ya tuta la figiri, miguu yote miwili, akayatazama maua.

"Haya yanaliwa?"

"Hayaliwi, mama."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Basi yana kazi gani?"

"Ya kutazamwa."

Lukia akayatazama kidogo, kwa heshima, kama mtu anayengoja yaanze. Kisha akachuma majani mawili matatu ya figiri, akaongeza mengine mawili matatu, akajaza upande mzima wa kanga na kwenda zake. Ukimpa shubiri huchukua pima, na Lukia hata shubiri yenyewe hakupewa.

Jua likiwa kali Dorkas alikaa barazani akisuka. Ukindu aliununua Same sokoni kwa akina mama wanaotoka tambarare, akauchovya rangi, nusu zambarau, nusu kijani. Alisuka ukili mwembamba, siku baada ya siku, halafu akaushona kwa sindano mzunguko kwa mzunguko mpaka ukawa kikapu. Kikapu kidogo, cha kutundika kwenye kiwiko. Hakikuwa cha soko wala cha shamba. Alitaka kitu cha kwenda nacho matembezini, cha kutilia mbegu za maua ya njiani, au unyoya mzuri akiuokota, mambo hayo ambayo mtu mzima akiyasema kwa sauti anachekwa.

Na hapo ndipo alipokosea. Kosa la wazi, tena la mtu aliyelelewa kwetu na anayejua desturi zetu. Upareni chombo hakirudi kitupu. Ukiletewa ndizi kwenye sahani, sahani inarudi na mayai. Ukiazimwa ungo, unarudi na mahindi. Kikapu kitupu mkononi mwa mwanamke ni aibu ambayo kila mpita njia mwema anajiona ana wajibu wa kuiondoa. Dorkas alijua yote haya, na bado akajitundikia kikapu kitupu kwenye kiwiko na kupita nacho mbele ya milango ya watu.

Jumamosi ya kwanza, mwishoni mwa Januari, alikuwa hajamaliza hata kona ya pili.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Lukia.

"Marahaba. Unapandisha juu?"

"Natembea tu."

"Vizuri sana. Kwa kuwa unatembea tu, nifikishie maharage haya kwa Ernesta."

Ernesta anakaa nyumba ya mwisho, chini ya ukingo wa msitu. Maharage yakaingia kikapuni, kilo mbili, na goti la kushoto likayasikia papo hapo. Alipofika, Ernesta alifurahi mno. Akayamwaga maharage, akakishika kikapu, akakisifia rangi, akaingia nacho ndani. Kilipotoka kilikuwa na magimbi mpaka mdomoni. Dorkas alisimama pale mlangoni, jiwe likiwa juu yake saa moja tu, magimbi mkononi. Huwezi kupanda msituni na magimbi. Na huwezi kuyaacha, utakuwa umemtukana mtu. Alishuka.

Jumamosi ya pili alitoka mapema ili amkwepe Lukia, akakutana na Eliakimu. Huyu ni shemeji yake, mdogo wake Loth, na ndiye kiongozi wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kitongoji. Ana baragumu la pembe ya tandala, na likilia hakuna anayebaki ndani. Cheo hicho kimemwingia mwilini hata akisalimia ni kama anatangaza.

"Shikamoo, shemeji. Mungu ni mwema. Ernesta anaezeka banda la mbuzi na misumari yake iko hapa kwangu tangu juzi, nilikuwa nawaza, nani atapanda?"

"Kwa nini usipande wewe?"

Eliakimu alicheka kwa upole, kama mtu aliyesikia mzaha mzuri, akaweka misumari kikapuni. Kikapu kilirudi na boga. Ernesta alilichagua kubwa makusudi, maana Dorkas ni mjane na wajane wanahurumiwa.

Jumamosi ya tatu alikificha kikapu chini ya kanga. Lukia akaona uvimbe.

"Umebeba nini huko?"

"Kikapu tu, mama."

"Kitupu?" Lukia alimshika mkono, machozi kabisa yakimlenga. "Masikini mwanangu. Kumbe hukuwa na cha kuweka ndiyo maana unakificha."

Akamtilia jogoo. Jogoo wa kumfikishia Ernesta, wa mbegu. Njia nzima jogoo alikuwa akichungulia nje kama abiria, na kabla hawajafika alikuwa amekwishaziharibu zambarau na kijani kwa namna ambayo sabuni haikuweza kuirudisha. Kikapu kilirudi na mayai. Sasa hebu nieleze mtu anavyopanda mlima na mayai.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na Dorkas alikuwa akiwaza kwamba wahenga hao lazima walikaa kitongoji hiki. Kinachouma zaidi ni kwamba hakuwa na adui hata mmoja. Angepata mtu mbaya angemgombeza, akapumua. Lakini hawa walimpenda. Walimwombea magoti kanisani kila Jumapili, kwa jina, halafu Jumamosi wakamtwika.

Jumamosi ya nne mvua isiyo ya msimu ilianguka na hakutoka. Jumatano iliyofuata baragumu liliwalilia watu kwenda kusafisha mfereji, na hapo, katikati ya majembe, maji yalimfika shingoni. Eliakimu alikuwa ndiyo kwanza amesema, "Shemeji, kwa kuwa Jumamosi utakuwa unapandisha..."

"Nimechoka," alisema Dorkas.

Majembe yakasimama.

"Nimechoka nanyi. Mimi si punda wa kitongoji hiki. Daktari amenikataza mizigo, ninyi nyote mnajua, mmeniombea. Jumamosi nitaondoka zangu, na asiniulize mtu ninakwenda wapi."

Maji tu yalikuwa yakipita mferejini.

"Shemeji," Eliakimu alisema taratibu, "ni nani aliyekukosea?"

"Wote."

"Basi tutakaa kikao."

Kikao. Mtu anawaambia amechoka, wao wanataka kumkalisha kwenye benchi wamsikilize akichoka zaidi. Dorkas alichukua jembe lake na kuondoka. Nyuma yake alimsikia Lukia, kwa sauti ya kubembeleza: "Ukishapoa, mwanangu, kuna mchele wa Ernesta pale kwangu."

Jumamosi ya tano ilikuwa ya mwisho, na hilo hakuhitaji kuambiwa. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya upande wa Mkomazi, mazito, ya masika yenyewe. Ikinyesha mara moja, njia ya juu haipitiki mpaka Juni, na hadi Juni nani anajua magoti yatasemaje. Kulipopambazuka alifunga kanga vizuri, akavaa raba za marehemu Loth na soksi mbili ili zimkae. Kikapu alikitundika kwenye msumari kando ya mlango. Akatoka, mikono mitupu kabisa, hata ufunguo hakuchukua.

Lukia alikuwa uani akifagia. Akainuka.

"Shikamoo, mama," Dorkas alisema, bila kusimama.

"Marahaba. Una..." Na hapo Lukia akanyamaza. Alitazama kiwiko, hakuna kikapu. Alitazama kichwa, hakuna kitu. Alitazama mikono miwili ya jirani yake ikining'inia tu, na swali likamfia mdomoni. Dorkas alipita. Ilikuwa rahisi hivyo, akajilaumu kwa Jumamosi zote alizozipoteza.

Masikini, hakujua alichokiacha nyuma. Huko kwetu mwanamke mzima akitoka mikono mitupu, amefiwa. Na aliyefiwa hushuka kwenye watu, hapandi msituni peke yake. Lukia alitupa ufagio na kwenda mlangoni kwa Dorkas. Mlango haukufungwa. Kikapu kile kipendwa kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari kama kitu cha kurithiwa. Akakumbuka Jumatano: nitaondoka zangu, asiniulize mtu. Akakimbia hadi kwa Eliakimu.

Huku juu Dorkas alikuwa na tatizo jingine, ambalo hakulitegemea. Hakujua mikono aiweke wapi. Aliiweka nyuma, akajiona kama mkaguzi wa shule. Aliikunja kifuani, akakosa pumzi. Alishika ncha za kanga, lakini hilo nalo ni kushika kitu. Miaka yote mkono mmoja ulikuwa juu ukishikilia mzigo na mwingine ukishika jembe, na sasa imeachiwa ikawa kama watoto waliofungiwa shule. Mwishowe alikasirika nayo, akaiacha. Baada ya hatua kama hamsini iliyumba yenyewe, huu mbele na huu nyuma, na mwendo ukawa mwepesi kwa namna aliyoisahau tangu usichana.

Nyumba ya Ernesta aliipita kwa nyuma, kupitia migomba, kama mwizi. Kisha msitu ukampokea. Kulikuwa na baridi ya kupendeza na harufu ya majani yaliyolala. Aliinua uso, kwa kuwa sasa shingo ilikuwa yake, na kila alipouinua aliona kitu: mbega wawili wakirukaruka na mikia yao myeupe, kuvu la rangi ya chungwa kwenye gogo, ua dogo jeupe linaloota kwenye gome la mti kama limesahauliwa na mtu. Alikaa kila goti liliposema kaa. Alikuwa na furaha, na alijiambia hivyo kwa sauti, kwa Kipare, na hakuna aliyemjibu, na hiyo ilikuwa nusu ya furaha yenyewe.

Ndipo baragumu likalia huko chini.

Lilikuwa la haraka, tatu tatu. Dorkas alisimama. Msaragambo Jumamosi? Jumatano si wamesafisha mfereji? "Eliakimu huyu," alisema, akauma meno. Hata hapa wamemfuata. Baragumu likilia, kitongoji kizima kinakwenda, na yeye hakuwahi kukosa tangu aolewe. Miguu yenyewe iligeuka kushuka. Akaitazama. Kisha akaigeuza tena, kwa nguvu, kama mtu anayegeuza ng'ombe mbishi, na akapanda.

Jiwe la Mbega ni jiwe tu. Ni pana, limelalia ubavu, na mahali pamoja pamelainika kwa sababu ya watu waliokalia. Dorkas alikaa hapo hapo. Upande huu ilikuwa Mkomazi, ya njano, na vivuli vya mawingu vikitembea juu yake. Alijizungusha polepole. Huku ilikuwa reli, na barabara na lori dogo linalong'aa, na mistari ya mkonge iliyonyooka mno, na mbali kule, juu ya ukungu, theluji ya Kilimanjaro. Loth hakuongeza chumvi hata kidogo. Hilo ndilo lililomliza. Miaka thelathini alidhani mumewe anatia chumvi ili kumpendeza, na kumbe alikuwa akisema mambo kama yalivyo.

Alipata kama robo saa. Robo saa, hesabu mwenyewe, kwa miaka sitini na mmoja. Halafu matawi yakavunjika nyuma yake na Eliakimu akatokea, jasho likimtiririka, baragumu shingoni, na nyuma yake watu kumi na kitu, wengine miguu peku.

"Shemeji, usifanye," alisema, akihema. "Chochote kile, usifanye. Tutaongea."

"Nisifanye nini?"

Eliakimu alitazama ukingo wa jiwe, akamtazama yeye aliyeketi na kunyoosha miguu. Raba za kaka yake alizitambua.

"Ulitoka mikono mitupu," alisema.

Dorkas alielewa, na hasira kubwa ikampanda, na chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu kingine chenye joto ambacho hakutaka kukishughulikia wakati huo. Walikimbia mlima wote huu. Hawa hawa ambao hawakuweza kupandisha misumari kilo tatu.

"Nimekuja kutazama," alisema.

"Kutazama nini?"

"Hiyo."

Wakatazama. Mmoja mmoja walisogea ukingoni, kwa tahadhari, wakasimama. Mmoja alinyoosha kidole, akamwonyesha mwenzake paa la kanisa lao, dogo namna ile. Hakuna aliyeuliza kama inaliwa.

Lukia alifika wa mwisho, akijikokota na fimbo aliyoivunja njiani. Alipomwona Dorkas mzima alikaa chini palepale na kulia bila haya, akimtukana kwa Kipare, matusi ya mama kwa mwana. Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akainua uso, na akaona.

"Njia hii nimeipita miaka sitini," Lukia alisema. "Mpaka pale kwa mti ulioanguka, kuni zinapoishia. Nikifika pale najitwika na kugeuka." Akapima kwa macho. "Ni hatua ngapi kutoka pale?"

"Mia mbili. Labda mia tatu."

"Mia tatu," alisema Lukia.

Ngurumo ya kwanza ilipita upande wa Mkomazi na Eliakimu akatangaza kwamba watu washuke. Wakashuka. Na nisikudanganye kwamba walikuwa wamebadilika, maana hawakufika hata mbali. Kwenye ule mti ulioanguka waliona kuni kavu, nzuri, bure, wakaanza kuziokota, kwa kuwa mtu hawezi kurudi mikono mitupu. Eliakimu mwenyewe alijitwisha gogo. Dorkas aliwapita akitikisa kichwa, goti likilalamika kila hatua, akishukia upande kama kaa.

Lukia aliinama, akaokota ukuni mmoja. Akaokota wa pili. Kisha alisimama nazo akimtazama Dorkas anavyoshuka, na akaziweka chini pamoja na ile fimbo, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akamfuata. Walikwenda mpaka msitu ulipoanza kupungua.

"Dorkas."

"Naam, mama."

"Mikono hii mtu huiweka wapi?"

"Iache tu. Mwanzo inasumbua."

Lukia aliiacha. Ilimsumbua kweli, alikuwa akiikunja na kuikunjua, akaifuta kwenye kanga ilhali haikuwa na maji. Walipofika nyumba ya mwisho, Ernesta alikuwa amesimama mlangoni na mkungu mdogo wa ndizi miguuni pake, tayari, anatabasamu.

"Mnashuka?" alisema. "Afadhali. Kwa kuwa mnashuka..."

Dorkas alivuta pumzi ya kujibu, na hakujua atajibu nini, kama ambavyo hakujua wiki zote zile. Lukia alimtangulia. Alimshika Dorkas mkono, akampitisha mbele ya mlango, bila kusimama.

"Tunatembea tu," alisema.